Nani Amlipe Fundi Anayefundisha?

Mhadhara kwa wakazi wa Nalasi, wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma

 

Nimeombwa nizungumzie kituo cha sanaa cha jamii, na mafundi wa hapahapa ambao wangefundisha ndani yake. Tangu nifike nimesikia habari nyingi za kiwanja, tofali, bati na kibao cha barabarani. Hayo yana watu wake wa kuyasemea. Mimi nina swali moja tu, na nitalizunguka mpaka mnichoke. Mama mfinyanzi akiacha shamba lake Jumamosi, akaja kukaa na watoto ishirini mpaka adhuhuri, mikono yote udongo, jioni atarudi nyumbani na nini? Kama jibu ni "shukrani", basi Jumamosi ya tatu hatakuja, na hatakuwa na kosa.

Nianze na mtu wa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Nakapanya, katika wilaya hii ya Tunduru, miaka ya 1930. Alipita njia iliyopitwa na vijana wengi wa kusini: akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani. Karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakununua vifaa vya wasanii. Alichukua bodi ngumu, zile watu wanazopigilia darini, na rangi ya mafuta ya madukani, ile ya kupakia milango na baiskeli. Bodi nzima ina futi nne kwa nane. Ukiikata vipande vya futi mbili kwa mbili unapata nane kamili, hakibaki cha kutupa, na ndiyo maana picha zile za mwanzo ni za mraba. Mke wake, Agatha, alikuwa akiuza bidhaa huko Oysterbay, pale Morogoro Stores, walipokuwa wakija Wazungu kununua mahitaji yao. Picha zikawekwa pembeni ya bidhaa zake. Zikanunuliwa.

Biashara ilipozidi nguvu za mtu mmoja, Tingatinga alichukua wanafunzi. Hakubandika tangazo. Aliita ndugu na watu wa kwao: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, January Linda. Walikaa chini ya mti na kufanya kazi. Mwanafunzi alianza kwa kupaka usuli, akangoja ukauke, akapaka tena. Akishazoea brashi anapewa madoa ya chui au manyoya ya kanga. Mwishoni kabisa ndipo anachora mnyama mzima, yaani mstari wa mgongo, shingo na jicho. Hapakuwa na ada wala mshahara. Mwanafunzi alilipia mafunzo kwa nguvu zake, mwalimu akalipia nguvu hizo kwa mafunzo. Mapatano hayo sisi sote tunayajua, maana ndiyo ya saidia fundi kwenye ujenzi, gereji na ushonaji.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, Dar es Salaam, wakidhani ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu. Mtu akiondoka mapema namna hiyo, mara nyingi kazi yake huondoka naye. Hii haikuondoka, kwa sababu ilikuwa imeshaingia katika mikono ya watu wengine sita, na kila mmoja akaenda kutafuta saidia fundi wake. Waliendelea palepale chini ya miti, wakaja wadogo zao na watoto wao, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika. Leo nenda Forodhani, nenda Arusha, nenda Nairobi, jina la mzaliwa wa Nakapanya limetundikwa kwenye kila duka la zawadi. Ni chuo cha uchoraji kilichoenea kuliko vyote nchini, na kwa miaka yake ya mwanzo hakikuwa na ukuta wa kupigilia msumari.

Hapa watu wa mihadhara ya kupongezana huwa wanaketi. Mimi bado sijafika.

Zitazameni picha za Tingatinga mwenyewe, kisha mzitazame nyingi za zile zinazouzwa sasa. Zake zina mnyama mmoja aliyejaa bodi yote, usuli mtupu, na jicho lenye utani fulani, kana kwamba yule chui ameshakujua wewe ni mtoto wa nani. Za sasa nyingi zina pundamilia kumi na wawili, mlima Kilimanjaro nyuma, Mmasai na mkuki wake upande wa kulia, na jua la machungwa. Sizidharau. Zimelipa karo za watoto na kujenga nyumba Kinyerezi. Ila picha moja imerudiwa mara elfu, na tunapenda kusema ni uvivu wa wachoraji. Mimi nakataa. Sababu ni hesabu. Mwanafunzi ambaye chakula chake cha leo kinatokana na picha ya leo hana ruhusa ya kuharibu bodi. Akijaribu jambo jipya na mtalii asilinunue, amelala njaa, na mwalimu wake amepata hasara ya rangi. Kwa hiyo anachora kile kilichouzwa jana. Mapatano ya saidia fundi yanafundisha mkono haraka mno, na kwa haraka hiyohiyo yanafunga macho.

Sasa twende kwa mtu mwingine wa kusini. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, alijua kuchonga tangu nyumbani. Alipofika Dar es Salaam, ndugu yake Augustino Malaba alimsaidia kupata kazi ya ulinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll kwa ajili ya vijana wasio na kazi. Wakubwa wa kituo walipoona kazi zake, wakamtoa getini na kumweka ndani. Huko ndani alikuta vitu ambavyo mchongaji wa mpingo hakuwa navyo kwao: nta ya batiki, bamba la kuchapia, wino, ngozi, rangi. Walikuwapo pia wenzake waliojua hiki na kile, na wakaonyeshana. Mashetani ya Kimakonde, ambayo alikuwa akiyatoa ndani ya gogo, sasa yakapata rangi, masikio makubwa, matumbo, yakaanza kupiga soga, kutembeleana na kunywa togwa juu ya karatasi. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Kwa nini Lilanga aliweza kujaribu? Kipaji, ndiyo. Lakini kipaji hakinunui nta. Pale Nyumba ya Sanaa gharama ya jaribio lililoshindikana ilibebwa na kituo, kupitia duka lake na wafadhili wake. Bamba likiharibika, msanii hakurudi nyumbani mikono mitupu. Tofauti kati ya mti wa Tingatinga na Nyumba ya Sanaa, kwa macho yangu, ni hiyo tu: nani anabeba hasara ya mwanafunzi anayejifunza.

Msije mkafikiri nawauzia jengo. Nyumba ya Sanaa ilipata jengo zuri mwaka 1983, Mwalimu Nyerere akalifungua, na leo kituo kile hakipo tena pale. Wachoraji wa chini ya mti bado wapo. Kituo kilicholipwa na watu wa mbali kilikuwa na uhuru wa kujaribu lakini hakikuwa na maisha marefu. Wachoraji waliojilipa wenyewe walipata maisha marefu wakabanwa uhuru. Na Lilanga mwenyewe, alipougua kisukari akakatwa miguu, alirudi kwenye mapatano ya zamani: karakana nyumbani, vijana wakisaidia kupaka, yeye akiongoza na kutia saini. Aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 2005.

Nirudi kwenye suala la kuiga: Nairobi alikuwepo Mtanzania mwingine, Elimo Njau, aliyezaliwa kwa Wachaga mwaka 1932. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, na msimamo wake juu ya kuiga ulikuwa mkali: kwake kuiga kulikuwa karibu na dhambi. Namheshimu mzee huyo. Ila kama ningekaa naye barazani ningebishana naye hadi chai ipoe, na shahidi wangu angekuwa kungwi wa hapa Nalasi.

Jando na unyago, mambo ya ndani yana wenyewe, siingii. Nazungumzia lile linaloonekana na kila mtu kutoka nje. Binti anayefundishwa ngoma haambiwi abuni. Anaambiwa tazama, kisha fanya. Anarudia mpaka kiuno na mguu vijue bila kuulizwa. Mpiga ngoma ni hivyohivyo: miaka ya mwanzo anashika kale kadogo, anapiga mdundo mmoja usiobadilika, na mkubwa ndiye anayecheza juu yake. Huko si kulala kwa akili. Mkono lazima uwe na kitu kabla ya kuambiwa utoe chako. Kosa si kuiga, kosa ni kuiga kusikokuwa na siku ya mwisho. Na siku ya mwisho unyago unayo: kuna sherehe, kuna kutoka nje, kuna nguo mpya. Wachoraji wa Tingatinga wa mitaani hawana siku hiyo, kwa sababu soko halijawahi kumwambia mtu "sasa umehitimu, chora chako."

Kuna jambo jingine ambalo unyago unalijua. Unajua nani analipa. Mzazi anajua mapema atatoa nini, iwe kuku, kanga au fedha, na mambo yanapangwa baada ya mavuno, wakati ghala lina kitu. Hakuna anayemwambia kungwi au ngaliba ajitolee kwa mapenzi ya utamaduni. Halafu mtu huyohuyo, tukimhitaji afundishe kusuka ukindu darasani, tunamletea soda na cheti cha ushiriki! Wayao wa nchi hii walikuwa na utaratibu wa kulipa walimu wa sanaa kabla hapajawa na halmashauri. Nashangaa tunavyozunguka kutafuta mfadhili wakati mfano upo uani.

Niondoe na kisingizio kimoja, kwamba watoto wa huku hawana mwelekeo wa kuchora. Mwaka 1906, moshi wa Maji Maji haujatulia, Mjerumani Karl Weule alipita kusini hii, Masasi, Chingulungulu kwa chifu Matola, Newala, mpaka pande za Ruvuma. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea, vitu vya ajabu wakati ule. Ila mimi namkumbuka kwa jambo dogo. Aliwapa watu karatasi na penseli, Wayao na wengineo, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika penseli, akawaacha. Wakachora wanyama, watu, ngoma, safari. Michoro mingi aliichapisha mwaka 1908 katika kitabu chake. Kwa hiyo mkono ulikuwepo miaka zaidi ya mia iliyopita. Kilichokosekana ni kitu cha kuchorea, na mtu wa kurudi wiki ijayo. Weule hakurudi, na michoro ikaenda Leipzig.

Kampala, mwaka 1937, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake, nyumbani, kwa wanafunzi wachache waliokuja. Baraza lile ndilo likawa shule ya sanaa ya Makerere, akapita humo Sam Ntiro wa Kilimanjaro, akapita na Njau niliyebishana naye punde. Trowell hakuwa na jengo, lakini alikuwa na siku maalumu, vifaa, na riziki iliyotoka kwingine. Na kwa wale wanaotaka mfano wa sasa, Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2008 kwa makontena yaliyogeuzwa karakana, na mafunzo ya mwaka mzima yakaja baadaye. Kwanza wasanii, kisha wanafunzi, kisha mtaala. Sisi tunataka kwenda kinyumenyume kuanzia kwenye bati.

Sasa tuongee fedha, maana nimeona Mwenyekiti anatazama saa.

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wasuka mikeka kikitaka kununua ukindu na kuuza mikeka, kiende huko, ni haki yake. Lakini tafadhali msimpeleke fundi akakope ili afundishe watoto. Mkopo unarudishwa. Chungu cha kwanza cha mtoto wa miaka tisa kinapasuka tanuruni, na hakuna benki duniani inayopokea vigae kama marejesho. Mkimtia fundi kwenye deni, mtakuwa mmemrudisha kwenye mapatano ya saidia fundi: atawageuza watoto kuwa kiwanda ili alipe.

Shule nazo zina nafasi yake. Mtaala mpya umeleta somo la Sanaa na Michezo shule ya msingi, jambo jema, lakini mara nyingi linaangukia kwa mwalimu wa Hisabati mwenye vipindi vilivyobaki. Anafanya anachoweza: bendera, chungwa, nyumba yenye mlango katikati. Wakati huohuo, hatua mia tatu kutoka shuleni, yupo mzee anayejua kutoa mwiko, kinu na ngoma ndani ya gogo kwa tezo na patasi tu. Anaulizwa cheti. Kwa wanaotaka cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: fundi anapimwa anachokijua na kuandikiwa. Mafundi wetu wapelekwe. Hata hivyo nisingemngoja mzee wa miaka sabini arudi na karatasi ndipo nimruhusu aketi na mjukuu wake chini ya mwembe wa shule. Mwalimu mkuu awepo, darasa liwe la shule, fundi awe mgeni anayelipwa. Sioni kanuni inayovunjika hapo.

Na analipwaje? Nalasi ni nchi ya korosho. Korosho zetu zinapita kwenye chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, na makato ya kila aina yanatoka kabla fedha hazijamfikia mkulima. Najua neno "makato" limewakera, nimesikia mguno. Nivumilieni. Tuseme, kwa mfano tu, chama kimoja kimekusanya tani 500 kwa msimu. Shilingi 3 kwa kilo ni shilingi 1,500,000. Mafundi watatu, mmoja wa udongo, mmoja wa mti, mmoja wa rangi, kila mmoja akifundisha Jumamosi 24 za kiangazi kwa shilingi 15,000 kwa siku, ni 1,080,000. Zinabaki 420,000 za vifaa. Mkulima mwenye kilo 400 atakuwa amechangia shilingi 1,200. Fedha hiyo haitegemei ubalozi wala uchaguzi, na anayetoa anaweza kupita Jumamosi akachungulia inafanya nini. Watu wa Dar es Salaam hawana kitu kama hicho. Wana wafadhili.

Faida nyingine ni kwamba mlipaji akiwa kijiji, soko halina usemi darasani. Mtoto hachori Mmasai kwa sababu hakuna mtalii anayesubiri nje. Atachora tembo, lakini tembo wa kwetu, anayevuka ushoroba kati ya Selous na Niassa na kula mahindi ya bibi yake, si yule anayetabasamu kwenye fulana. Atachora mamba wa Ruvuma. Atachora mnada wa korosho, na kusema kweli natamani sana kuiona picha hiyo, hasa sura za wanunuzi. Ninaposema uhuru wa kujaribu ndicho ninachomaanisha, na mafundi wenyewe wataupata pia. Mama anayefinyanga mitungi ya aina moja kwa sababu ndiyo inayouzwa gulioni, Jumamosi moja anaweza kuwafanyia watoto kitu alichokiona kwa bibi yake na hajakigusa miaka thelathini, kwa kuwa siku hiyo ameshalipwa.

Mimi naona taratibu chache zinatosha. Miezi ya mwanzo watoto waige tu, tena waige vizuri: kifuniko kienee kwenye chungu, mstari ufunge. Kisha fundi aseme mbele ya wote kwamba fulani sasa anafanya chake, na kuanzia hapo asimsahihishe isipokuwa akiulizwa. Hilo litakuwa gumu kwa mafundi kuliko kwa watoto. Kazi za watoto zisiuzwe mwaka wa kwanza, hata akija mgeni na dola. Wasichana wapangiwe saa ambayo hawatatumwa maji. Nalisema hili kwa akina baba, maana akina mama wanalijua. Na darasa lisianze asubuhi mno. Kiangazi ndio wakati wa kupulizia salfa, na salfa inataka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala, na vijana wengi wako shambani na baba zao. Saa nne wameshaoga.

Kuhusu jengo, mwembe upo, na mvua haianzi mpaka Novemba au Desemba. Udongo unachimbwa bure. Magogo yanapatikana kwa kibali. Cha kununua hasa ni vifaa vya yule fundi wa rangi: rangi ya mafuta ya makopo madogo, nyekundu, njano, buluu, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa nyingine zinachanganywa, pamoja na brashi, mafuta ya taa ya kuzioshea, na bodi. Darasa la watoto 24 linahitaji bodi nzima tatu, vipande vinane kila moja, kila mtoto na chake. Picha ikiharibika, inaachwa ikauke, inapakwa usuli mpya juu yake, na mtoto anaanza tena. Bodi tatu zinaweza kufika mwisho wa kiangazi.